Dhima ya Vikumbusho katika Kudumisha Kumbukumbu za Watoto Wachanga: Mtazamo kutoka Mialo ya Mwanza

Katika mialo ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, mwezi ndio unaopanga ratiba ya familia nyingi za wavuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokolea, wavuvi hupumzika na baadhi yao hurejea nyumbani kutoka kambi za visiwani. Kwa hiyo, mtoto wa miezi mitatu huweza kukaa wiki mbili bila kucheza na baba yake. Je, mchezo aliojifunza kabla ya hapo hupotea?

Mwaka 1980, Carolyn Rovee-Collier wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, na wenzake walichunguza swali la namna hiyo. Watoto wa miezi mitatu walifungwa mguuni utepe uliounganishwa na kichezeo kilichoning'inia juu ya kitanda, wakajifunza kwamba wakirusha mguu kichezeo hutikisika. Wiki mbili baadaye walionekana kuwa wamesahau. Hata hivyo, wale ambao siku moja kabla ya jaribio walioneshwa kwa dakika tatu kichezeo kikitikiswa na mtafiti, walirusha miguu tena kwa bidii. Watoto ambao hawakuwahi kufundishwa hawakunufaika na kikumbusho hicho. Hivyo, kikumbusho hakikuwa somo jipya, bali kiliamsha kumbukumbu iliyokuwapo. Kusahau kulikuwa kushindwa kuifikia kumbukumbu, si kufutika kwake.

Tafiti zilizofuata ziliongeza mambo mawili. Kwanza, kikumbusho sharti kifanane na kilichofundishwa. Kichezeo cha sura tofauti hakikuamsha kumbukumbu. Pili, utafiti wa mwaka 1999 ulionesha kuwa watoto waliofundishwa wakiwa na miezi miwili, kisha wakakumbushwa kila baada ya wiki tatu, walikumbuka hata baada ya miezi minne na nusu.

Matokeo hayo yanahusu tendo mahususi, wala hayathibitishi namna mtoto anavyomtambua baba. Hata hivyo, yana uzito katika malezi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa nchini Tanzania mwezi Desemba 2021, inahimiza wazazi kuzungumza na kucheza na mtoto tangu kuzaliwa. Mzazi anayeona hiyo ni kazi bure kwa kuwa mtoto atasahau hana msingi wa kukata tamaa. Mchezo uleule, ukirudiwa na mama au bibi kwa dakika chache wakati baba yuko ziwani, unaweza kukihifadhi alichojifunza mtoto hadi mbalamwezi itakaporudi.