UZI: Kibali cha kutembea jangwani Chalbi, kinatoka kwa nani?

1/ Kila msimu wa siasa hoja hii hurudi. Mmoja anasema: "Kaskazini kuna utalii umelala, vibali vimezidi." Mwingine anajibu: "Wageni wanapita kwetu bure, wenyeji hawaoni hata shilingi." Hapa hatutaji mtu wala chama. Tuchukue safari moja: siku tano kwa miguu jangwani Chalbi, kaunti ya Marsabit, halafu gari hadi Sibiloi kando ya Ziwa Turkana. Nani anafaa kuombwa ruhusa?

2/ Tuanze na maji. Kwa joto la Chalbi, piga hesabu ya angalau lita tano kwa mtu kwa siku. Siku tano ni lita 25, yaani kilo 25 kabla hujaweka hema wala unga. Huwezi kubeba hiyo mgongoni. Kwa hivyo utakodi ngamia pamoja na mwenyeji anayewajua, na njiani utachota maji ya visima na chemchemi, kama kule Kalacha na North Horr.

3/ Maji hayo yana wenyewe. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na wafugaji wa kaskazini walipoteza mifugo mingi sana. Kisimani kuna zamu: leo wananywesha hawa, kesho wale. Wageni kumi wakifika na ngamia wao bila kuuliza, wameruka foleni. Kwa hivyo ruhusa ya kwanza kuulizia ni ya maji, na hiyo hutaipata kwa mtandao.

4/ Sasa vibali vyenyewe. Kwenye mijadala watu husema "kibali" kana kwamba ni kitu kimoja. Viko vya aina tatu, na kila kimoja kina mwenyewe.

5/ Cha kwanza ni cha mbuga ya kitaifa. Sibiloi iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Unalipa kupitia eCitizen, na raia, mkaazi na mgeni wa nje kila mmoja ana kiwango chake. Ndani yake kuna Koobi Fora, kwenye masalia ya binadamu wa kale. Usiokote hata kipande cha mfupa: Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inavilinda.

6/ Cha pili ni cha kaunti. Hifadhi za kitaifa kama Maasai Mara na Samburu husimamiwa na kaunti, na Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti utalii wa mashinani. Lakini Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni bila sheria. Ukiitishwa pesa kwa jina la kaunti, una haki ya kuuliza: ni sheria gani, na risiti iko wapi?

7/ Cha tatu ndicho kinachosahaulika. Chalbi si mbuga. Sehemu kubwa ya ardhi ya Marsabit ni ya jamii, na Kifungu cha 63 cha Katiba kinaitambua hivyo. Pale ambapo haijasajiliwa, kaunti inaishikilia kwa niaba ya jamii. Aliyekushikia mbuzi hajawa mwenye mbuzi.

8/ Unaongea na nani basi? Jamii ikiwa imesajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kuna kamati ya watu 7 hadi 15 waliochaguliwa. Kama bado, tafuta wazee wa eneo kupitia mwenyeji wako. Piga ripoti pia kwa chifu na polisi, wakueleze hali ya usalama. Ila chifu ni afisa wa serikali ya kitaifa. Kukujua hakumaanishi jamii imekukubali.

9/ Tofautisha pia kupita na kukaa. Mtembezi wa siku tano anahitaji makubaliano ya njia, maji na malipo ya waongozaji. Mwekezaji anayetaka kujenga kambi ni habari nyingine: sheria ya 2016 inataka thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii waidhinishe kwenye mkutano. Sahihi ya mzee mmoja hotelini haitoshi.

10/ Sasa rudi kwa mjadala. Anayesema "tuondoe vibali vyote" mwulize: na kile cha jamii pia? Ukikiondoa hicho, mfugaji hana tena nafasi ya kusema "mwezi huu hapana, maji ni machache." Anayesema "wenyeji walipwe" naye mwulize: ni wenyeji gani, kupitia akaunti gani, na hesabu itasomwa wapi?

11/ Kuna lawama ya haki kwa pande zote. Mtembezi anazungushwa ofisi tatu bila orodha moja ya ada. Mwenye kisima naye hajaulizwa na ofisi yoyote kati ya hizo. Orodha hiyo ingeweza kubandikwa Marsabit mjini, pamoja na nambari ya kamati ya kila eneo.

12/ Kama unaenda: epuka mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, kwa sababu Chalbi hugeuka tope na gari hukwama. Weka risiti zote. Na lipa waongozaji wenyewe, mkononi au kwa simu. Wewe kwenu ada hukusanywa na nani? Tuambie hapa chini.