Constantine wa Mtaa wa Meredith

Wazazi wa watoto ninaowafundisha kriketi hapa Mombasa huniuliza swali lile lile kabla hawajanunua hata jozi ya glavu: mchezo huu utamlisha mwanangu? Huwa nawatajia Learie Constantine, kwa sababu kriketi ilimlisha, ikamsomesha, ikampeleka mahali ambapo mkoloni hakumtarajia. Lakini ilibidi kwanza ahame kwao.

Alizaliwa mwaka 1901 Diego Martin, Trinidad, koloni la Waingereza katika Karibi. Ukoo wake ulitoka utumwani. Baba yake, Lebrun, alikuwa msimamizi katika shamba la kakao na mpigaji hodari. Mwaka 1900 alichaguliwa kwenda Uingereza na timu ya Karibi, West Indies, ila hakuwa na fedha za safari, na meli ikang'oa nanga akiwa mjini. Watu wakachangishana papo hapo, wakamkodia boti ya kasi, ikaifukuza meli mpaka ikaifikia. Katika ziara hiyo Lebrun akawa Mkaribi wa kwanza kufikisha mikimbio mia moja katika ardhi ya Uingereza.

Learie alijifunzia nyumbani. Baba anarusha mpira, mjomba Victor Pascall naye anarusha, mama amesimama nyuma ya wiketi kudaka. Ukidondosha mpira unasemwa na ukoo mzima. Ndiyo maana, nadhani, hakuna aliyedaka kama yeye katika zama zake.

Mchezo ulikuwepo, riziki haikuwepo. Kijana mweusi wa Trinidad, hata awe na akili kiasi gani, aliishia karani. Learie alifanya ukarani katika ofisi ya wakili huku akitamani kuwa wakili mwenyewe, na masomo yalitaka fedha. Hata timu ilikuwa na ngazi zake: unahodha wa West Indies uliwekewa Mzungu. Mtu mweusi alitakiwa arushe mpira, apige, ashinde, halafu arudi kwenye dawati lake.

Akaamua kwamba ziara ya Uingereza ya mwaka 1928 ndiyo itakayomfungulia mlango. Mwezi Juni, uwanjani Lord's, West Indies walikuwa wanazidiwa na timu ya Middlesex. Constantine akapiga 86. Zamu ya pili ya wapinzani akaangusha wiketi 7 kwa mikimbio 57 tu, kisha akarudi na gongo na kupiga 103 kwa kama saa moja. West Indies wakashinda. Asiyejua kriketi na aelewe hivi: mtu mmoja alifanya kazi ya watu watatu, siku wakubwa wa mchezo wakitazama.

Klabu ya Nelson ikamwita. Nelson ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, Lancashire, Uingereza. Katika ligi yao kila klabu iliruhusiwa mchezaji mmoja wa kulipwa; waliobaki walikuwa wafanyakazi wa kawaida wanaocheza Jumamosi mchana. Kuanzia 1929 alilipwa pauni 500 kwa msimu, na akicheza vizuri sana watazamaji walimchangia palepale uwanjani.

Walihamia na mkewe Norma na binti yao mdogo, Gloria, wakaishi namba 3, Mtaa wa Meredith. Watu weusi mjini walikuwa karibu hakuna. Watoto walichungulia dirishani kumwona, na zilimfikia barua za matusi. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuondoka. Norma ndiye aliyemshawishi wabaki, na mimi namhesabu Norma kuwa nusu ya habari hii. Walikaa. Katika misimu tisa, Nelson walitwaa ubingwa mara saba, na wafumaji waliokuwa wakimkodolea macho wakawa majirani zake hasa. Mwaka 1932 akampokea nyumbani mwandishi C. L. R. James kutoka kwao, akamsaidia kuchapisha kitabu kilichodai Wakaribi wajitawale. Fedha ya kriketi ikaanza kudai uhuru.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja alifanya kazi ya serikali Liverpool, akishughulikia ustawi wa mafundi kutoka Karibi. Mwaka 1943 alikwenda London kucheza Lord's, na hoteli ya Imperial, aliyokuwa amelipa arubuni kwa siku nne, ikamwambia yeye na familia yake wangelala usiku mmoja tu, kwa ajili ya wageni wazungu kutoka Marekani. Alishitaki, akashinda mwaka 1944. Fidia ilikuwa ndogo mno, gini tano, lakini mahakama ya Uingereza ilikuwa imesema hadharani kwamba hoteli ilikosea.

Uwakili aliupata mwaka 1954, akiwa na umri uliopita 50. Akarudi Trinidad, akawa mbunge na waziri, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1962 akawa balozi wake wa kwanza London. Mwaka uliofuata, kampuni ya mabasi ya Bristol ilipokataa kuajiri watu weusi kama madereva na makondakta, alikwenda Bristol akasema wazi. Serikali yake haikupendezwa, na mwaka 1964 ubalozi wake ukaisha. Mwaka 1969 akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Baraza la Malordi la Uingereza. Alipotakiwa kuchagua jina la cheo, alijiita Lord Constantine wa Maraval, kule Trinidad, na wa Nelson.