Pilipili huwasha mwili, lakini je, huyeyusha mafuta?

NENDA jioni yoyote kwenye vibanda vya viazi karai na mishkaki huko Mombasa, utaona wateja wakiomba waongezewe ukwaju uliotiwa pilipili. Jijini Nairobi nako, nyama choma bila kachumbari kali huwa kama harusi isiyo na bibi harusi. Mlaji hutokwa na jasho, pua ikachuruzika na masikio yakawaka, lakini mkono haukomi kurudi sahanini.

Moto huo ndio uliozaa imani iliyoenea sana mijini, kwamba vyakula vikali kama pilipili, tangawizi na haradali “huchoma” mafuta mwilini. Wapo wanaoamka na kunywa maji ya ndimu yaliyotiwa pilipili kabla ya kutia chochote tumboni. Wapo pia wanaochukua pesa za matumizi ya nyumbani, na wanafunzi wanaomega karo, ili wanunue unga na vidonge vinavyouzwa kwa ahadi hiyo hiyo.

Si jambo la kuchekwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mwanamke mmoja kati ya kila watatu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya alikuwa na uzito uliopita kiasi. Uzito wa aina hiyo hukaribisha kisukari na shinikizo la damu, na mtu anayeogopa maradhi hayo hushika lolote analoambiwa. Je, imani hii ina ukweli wowote?

Moto usiounguza

Ukali wa pilipili hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Mwaka 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, wakiongozwa na David Julius, walieleza jinsi inavyofanya kazi. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu mna vipokezi vinavyouonya ubongo kila vinapokutana na joto la kuunguza, la kuanzia nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Kapsaisini huviamsha vipokezi hivyo hivyo, na ubongo hudanganyika ukaamini kwamba kinywa kinaungua. Kwa utafiti wake, Julius alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

Ubongo ukishadanganyika, huamuru mwili ujipoze. Hiyo ndiyo asili ya jasho, na hapa ndipo wengi hupotoka. Jasho ni maji na chumvi kidogo, wala si mafuta yaliyoyeyuka. Ukinywa bilauri ya maji, uzito ulioutoa kwa jasho hilo hurudi.

Hata hivyo, ishara hiyo ya moto huamsha pia mishipa inayochochea homoni kama adrenalini, na mwili hutumia nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida. Kwa hiyo imani hii haikuzuka hivi hivi tu. Swali ni kiasi gani.

Hesabu ya kalori

Mwaka 1986, watafiti mjini Oxford, Uingereza, waliwapa watu 12 mlo uliotiwa gramu 3 za mchuzi wa pilipili na gramu 3 za haradali. Walipata ongezeko la wastani wa asilimia 25 katika nguvu ambazo mwili hutumia baada ya kula. Habari hiyo ilivuma kote, na matangazo mengi ya dawa za kukondesha bado huiegemea.

Majaribio yaliyofuata hayakuwa na habari tamu hivyo. Mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, watu 25 walipewa mlo wenye gramu moja ya unga wa pilipili. Nguvu zilizotumika ziliongezeka kwa kalori 10 hivi kwa muda wa saa nne na nusu. Wale ambao hawakuwa na mazoea ya kula pilipili walipungukiwa pia na hamu ya vyakula vya mafuta, chumvi na sukari. Waliozoea hawakupata faida hiyo.

Sasa hebu tupige hesabu ya jikoni. Kalori 10 ni kama nusu ya kijiko kidogo cha sukari. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Maana yake ni kwamba mtu angehitaji milo 12 ya pilipili ili kufidia kijiko kimoja tu cha mafuta, ilhali viazi vyetu vya karai huogelea katika mafuta hayo kabla ya kutiwa ukwaju.

Yuko atakayesema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Uchambuzi wa majaribio kadhaa uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kapsaisini huweza kuongeza takriban kalori 50 kwa siku. Hata hizo hazifikii nusu ya kijiko hicho cha mafuta.

Tangawizi nayo ilijaribiwa mjini New York. Katika utafiti wa mwaka 2012, wanaume 10 wanene walipewa gramu 2 za unga wa tangawizi katika maji ya moto wakati wa staftahi. Nguvu za kusaga chakula hicho ziliongezeka kwa kalori 40 hivi na njaa ikapungua, lakini nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika hazikubadilika. Chai ya tangawizi yenye vijiko vitatu vya sukari imekwisha kuimeza faida hiyo yote.

Ajabu ni kwamba maharagwe, samaki na mayai huushughulisha mwili kuliko pilipili. Katika kila kalori 100 za protini, mwili hutumia 20 hadi 30 kwa kazi ya kuisaga tu. Kwa mafuta, hazizidi 3.

Tumbo je?

Wengi huamini kwamba pilipili huleta vidonda vya tumbo. Sivyo. Chanzo kikubwa ni bakteria iliyogunduliwa na Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, pamoja na matumizi ya mara kwa mara ya baadhi ya dawa za maumivu. Lakini aliye na vidonda au kiungulia tayari huweza kuongezewa mateso na pilipili, hasa akiinywa bila kula. Mtu kama huyo amwone daktari.

Faida kubwa ya vyakula vikali iko kwingine. Nchini Uchina, utafiti wa watu 606 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wapenda pilipili hula chumvi kidogo na shinikizo lao la damu huwa chini. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku. Mama anayepika sukumawiki au maharagwe kwa tangawizi, kitunguu saumu na pilipili kidogo anaweza kupunguza chumvi na mafuta bila watoto kulalamika kwamba chakula hakina ladha.

Basi, pilipili tusiitupe. Tuiache sahanini, mahali pake, na kazi ya kupunguza uzito tuiachie kipimo cha mafuta, kipimo cha sukari na miguu yetu. Mtu mzima akitembea kwa haraka nusu saa hutumia zaidi ya kalori 100, na kutembea hakuna bei. Pesa za vidonge ni afadhali zinunue maharagwe.