Kamera ya Kulinda Gari Uani

Kamera ya kulinda gari lililoegeshwa nyumbani hupimwa kwa swali moja: mtu akisimama kando ya gari saa nane usiku, sura yake itatambulika au kitaonekana kivuli tu? Wauzaji husifia megapikseli. Kinachoamua zaidi ni lenzi, mahali kamera ilipofungwa, na umeme.

Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, gari lisilo na gereji hulala uani, mara nyingine chini ya mwembe au mkorosho. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huleta fedha na wageni, na magari huegeshwa hata nje ya nyumba za kulala wageni. Mwizi si lazima aondoke na gari lenyewe. Vioo vya pembeni, taa na betri hung'olewa kwa dakika chache, kwa hiyo kamera ione kwa undani kilicho karibu badala ya kuangaza mtaa mzima.

Hapo ndipo lenzi inapoingia. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi cha mwaka 2014 kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa picha ili mtu asiyejulikana atambulike. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Ikiwa na lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo hupatikana sana, kwa umbali wa mita 5 hukamata upana wa mita 13 hivi, na kila mita hubaki na pikseli zisizofika 150. Kamera hiyohiyo ikiwa na lenzi ya milimita 6 hukamata upana wa mita 5 tu, na pikseli hupita 350 kwa mita. Ya kwanza itaonyesha kwamba mtu alikuja. Ya pili itaonyesha ni nani. Kwa gari, ya pili ndiyo ya kununua. Ifungwe kimo cha mita 2.5 hadi 3, maana ikipanda zaidi huona kofia badala ya uso. Isielekee mashariki wala magharibi, jua la asubuhi au la jioni lisije likaipofusha.

Usiku kamera nyingi huangaza kwa miale ya infraredi. Taa za nanomita 850 hufika mbali zaidi ila huacha wekundu hafifu. Za nanomita 940 hazionekani kwa macho, lakini hufika karibu tu. Miale hiyo hurudishwa na chochote kilicho mbele yake: ukingo wa paa, vumbi jekundu la kiangazi lililoganda kwenye kioo, au utando wa buibui, ambaye hufuata wadudu wanaovutwa na mwanga. Kupangusa kioo mara kwa mara ni sehemu ya ulinzi. Chini ya infraredi shati jeusi laweza kuonekana jeupe, na namba ya gari ikawa doa linalong'aa. Taa ya kawaida inayojiwasha mtu akipita hurudisha rangi halisi, na bei yake ni ndogo kuliko faida yake. Kuhusu vumbi na mvua za masika, alama ya IP66 inatosha.

Umeme ukikatika, kamera isiyo na akiba huzimika wakati ambao giza ni nene kuliko kawaida. Kamera inayokula wati 6 huweza kuendeshwa na betri ya volti 12 na amp-saa 7 kwa takriban saa kumi. Zile za sola hufaa pasipo na umeme, mradi paneli isiwe kivulini mwa mwembe. Lakini nyingi husinzia na kuamka mtu akipita, na sekunde za mwanzo hupotea.

Picha za megapikseli 2 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21 hivi kwa siku, hivyo memori kadi ya gigabaiti 128 hubeba karibu siku sita. Kutazama moja kwa moja kwa simu hula karibu gigabaiti moja ya bando kwa saa; afadhali kamera irekodi kwenye kadi na kutuma taarifa tu. Kwa kuwa mwizi anaweza kung'oa kamera pamoja na kadi yake, rekoda iliyofichwa ndani ya nyumba ni salama zaidi.

Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa, kamera zikiwemo, kwa kubahatisha manenosiri hayo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na uso wa jirani ni taarifa yake. Kamera ielekezwe uani kwa mwenyewe, si mlangoni kwa mwingine. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 huruhusu mahakama kupokea ushahidi wa kielektroniki, ikizingatia namna ulivyotunzwa. Kwa hiyo saa ya kamera iwe sahihi, na polisi wapewe rekodi nzima ya awali, isiyokatwa wala kupitishwa WhatsApp, ambako video hupunguzwa ubora.