Kuotesha Msuli Upya

Mkulima wa Simbo, mkoani Kigoma, hukwea mchikichi, hukata mashazi ya chikichi, kisha huyabeba hadi mahali pa kukamulia mawese. Jioni misuli humuuma, lakini baada ya siku chache maumivu hutoweka. Nyuzi za msuli zilizochanika zimejengwa upya. Je, ni kitu gani kinachozijenga, na kwa nini mara nyingine ujenzi huo hushindikana?

Akiba ya msuli

Mwaka 1961 Alexander Mauro alichunguza msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni, akaona seli ndogo zilizobanwa kati ya uzi wa msuli na utando unaoufunika. Hizo ndizo seli shina za msuli. Kwa kawaida hutulia. Uzi ukiumia, huamka, hugawanyika na kuungana kuwa uzi mpya; baadhi hubaki akiba, mfano wa kisiki cha mgomba kinachochipua baada ya shina kukatwa.

Akiba hiyo ina kikomo. Pande kubwa la msuli likiondoka, kovu huziba nafasi yake. Katika ugonjwa wa Duchenne, unaowapata hasa watoto wa kiume, jeni ya protini iitwayo distrofini ina kasoro. Nyuzi huharibika mfululizo, seli shina huelemewa, na mahali pa msuli huchukuliwa na kovu na mafuta. Wengi wa watoto hao huacha kutembea wangali wadogo.

Kuirudisha seli mwanzo

Mwaka 2006, huko Japani, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi waliingiza jeni 4 katika seli za ngozi ya panya. Seli hizo zikarudi katika hali ya mwanzo, zikiweza kukua kuwa seli za aina nyingi. Mwaka 2007 jambo hilo lilifanikiwa kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 Yamanaka alipata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Mwaka huohuo wa 2012, watafiti wa Marekani waliwasha jeni iitwayo Pax7 katika seli za binadamu za namna hiyo, zikaelekea kuwa msuli. Zilipopandikizwa katika panya wagonjwa, zilitoa nyuzi zenye distrofini, na nguvu ya msuli ikaongezeka.

Vikwazo

Kwanza, seli za mgonjwa mwenyewe hubeba kasoro ileile ya jeni. Sharti irekebishwe kabla ya kupandikizwa. Pili, seli isiyoelekezwa kikamilifu yaweza kuzaa uvimbe. Tatu, seli zilizodungwa hazisambai mbali na tundu la sindano, ilhali misuli ya mwili ni mamia, pamoja na ile ya kupumulia.

Kwa hiyo njia hii ingali katika utafiti, wala si tiba ya kawaida ya hospitali. Anayeiuza leo kama dawa iliyokamilika huwauzia wazazi jambo ambalo sayansi bado haijalithibitisha.