Unatia makuta, unasikia wimbo: mashini za muziki za zamani zilitumika namna gani?

Leo ukitaka wimbo, unafungua radio ao simu, basi. Zamani kulikuwa wakati watu walilipa kwa kila wimbo, tena kila mtu kwa masikio yake.

Tarehe 23 Novemba 1889, bwana mmoja Louis Glass aliweka mashini ya namna hiyo ndani ya baa Palais Royale, mjini San Francisco, Marekani. Ilikuwa fonografu ya Thomas Edison, iliyofungiwa ndani ya kabati ya mbao.

Namna gani ilitumika? Wimbo uliandikwa juu ya silinda ya nta, mviringo kama kopo. Juu yake kuna mfereji mwembamba wenye vilima na mabonde. Silinda ikizunguka, sindano inapita ndani ya mfereji, inatikisika, na inatikisa utando mwembamba kama vile ngozi ya ngoma. Utando huo njo unatoa sauti.

Na makuta? Ukiangusha senti 5 ya chuma ndani ya tundu, inaunganisha umeme wa batri. Mota inaanza kuzungusha silinda. Kisha dakika 2 hivi, wimbo umeisha, mashini inasimama. Ukitaka tena, unatia zingine.

Sauti ilikuwa ndogo, juu hakukuwa bado kitu cha umeme cha kuikuza. Kwa hiyo watu walitia mipira masikioni, kama ile ya daktari. Mashini ya Glass ilikuwa na mipira 4, kila moja na tundu lake la makuta. Asiyelipa hasikii, hata akisimama karibu.

Kwa muda wa miezi 6 hivi, mashini hiyo iliingiza zaidi ya dola 1.000. Ukihesabu senti 5 kwa 5, ni kusema makuta ilianguka zaidi ya mara 20.000!

Lakini mwimbaji alipata nini? Siku zile kutoa kopi za silinda kulikuwa nguvu. Aliimba wimbo uleule mara nyingi mbele ya mashini, akalipwa kwa kuimba, akaenda. Makuta ya baa haikumfikia.

Hata mtunzi vilevile. Sheria ya Marekani ya 1909 iliachilia mashini za makuta zipige nyimbo bila kumlipa, kama kuingia mahali pale ni bure. Jambo hilo liliendelea mpaka 1978, wakati mashini kubwa za diski zilikuwa zimejaa ndani ya baa tangu miaka mingi.

Basi, ukisikia wasanii wetu wanalalamika kama wimbo wao unapigwa kila mahali na mfuko ni mtupu, ujue malalamiko hayo ni ya zamani sana.