Namna tulipiga dakika mbili za woga juu ya Shinkolobwe

Mutu akisikia kama siye, wanafunzi watano wa Likasi, tunapiga filimu ya woga juu ya Shinkolobwe, anauliza swali moja tu: "Pepo itatokea saa ngapi?" Tunamujibu kama haitatokea. Hapo anakunja uso. Filimu ya woga bila pepo, bila mulozi, bila damu ku ukuta, hiyo ni filimu gani?

Tufasirie basi, sababu wengi wenye kusoma ukurasa huu wanakula kwa kazi ya kuchimba, na filimu hii inaangalia nyumba zao. Ile tumepiga ni mwanzo tu, dakika 2 na sekunde 40. Feza ya filimu nzima hatuna. Lakini mwanzo ukisimama vizuri unaweza kuonyeshwa mutu mwenye kusaidia. Tena mwanzo njo unamwambia mwenye kuangalia: hapa utaogopa kitu gani, na utakiogopa kwa macho ao kwa masikio. Kuna filimu za kurukisha watu kwa makelele. Zile hatuzitaki. Woga wa mu kichwa unaanza na jambo la kila siku, mayi, kitanda, mulango, kisha unaligeuza kidogo sana, mutu asijue ni wapi limegeuka.

Mufano tuliopenda unatoka Japani, na mizizi yake iko hapa, kilometa karibu 20 tu toka Likasi. Mawe ya Shinkolobwe yalivumbuliwa mu 1915. Union Minière iliyachimba kwanza kwa kutafuta radiumu. Wakati wa vita ya pili Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe yale New York na kuyaweka mu depo. Mu 1942 jeshi la Amerika likayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya bombe iliyoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka mu udongo huu wetu. Miaka 9 kisha, mu Novemba 1954, Wajapani wakatoa filimu Godzilla ya Ishirō Honda. Inaanza namna gani? Mabaharia wanapumzika juu ya meli, wanapiga muziki. Mwangaza mukali unatoka mu bahari. Meli inawaka. Nyama mwenyewe hatumuone. Mu Machi ya mwaka uleule wavuvi wa Japani walikuwa wameangukiwa na majivu ya bombe Waamerika walikuwa wanajaribu kule Bikini, kwa hiyo mu sala ya sinema kila mutu alijua mwangaza ule ni wa nini. Siye tunasema: filimu kubwa ya kwanza ya woga wa Shinkolobwe ni Wajapani walioipiga, hata kama jina la Shinkolobwe halimo ndani.

Na kwetu woga uko na historia yake. Wazee wa Katanga wanajua habari ya batumbula, wale waliosemwa kama wanakamata mutu usiku njiani na kumupeleka kwa bazungu, harudi tena. Wakati wa ukoloni hata watu wazima waliamini. Tshibumba Kanda Matulu, mwenye kuchora historia ya inchi mu miaka ya 1970, aliichora nayo, Simba Bulaya. Mutu anaweza kucheka. Lakini watu walichukuliwa kweli mu vijiji kwa kazi ya migodi, na wengine kweli hawakurudi. Habari ya batumbula ilikuwa inasema jambo hilo kwa namna yake.

Karibu zaidi, mu 2023, Baloji, muzaliwa wa Lubumbashi, alipata zawadi ya "sauti mupya" kule Cannes kwa filimu Augure. Ndani, Koffi anarudi kwao toka Ulaya pamoja na muchumba wake. Anabeba mutoto muchanga wa jamaa, pua yake inatoa damu, damu inamwangukia mutoto. Hiyo tu. Jamaa yote inatetemeka, na yeye anakuwa mulozi mbele ya macho yao. Na baba anayekuja kumuona yuko kazini ku mugodi, haonekani. Tuliangalia kipande kile mara nyingi. Kwa wenye kusema kama bila feza hakuna sinema, tunataja Machini ya Frank Mukunday na Tétshim wa Lubumbashi, ya 2019: watu wa mule ni mawe madogo, yanasogezwa moja moja mbele ya kamera, na yanasema habari ya fabrike na sumu yake kuliko waigizaji wengi tunaowajua.

Basi, tulienda kupiga filimu Shinkolobwe kwenyewe? Hapana, na hatutaenda. Mugodi ulifungwa karibu na uhuru, mashimo yakazibwa kwa simenti. Ku mwisho wa miaka ya 1990 watu wakarudi kuchimba kobalti kwa mukono. Tarehe 28 Januari 2004 dekre ya Rais ikakataza. Tarehe 8 Julai mwaka uleule udongo ukabomoka, watu wakakufa ndani. Kijiji cha wachimbaji kikavunjwa, kisha wajuzi wa Umoja wa Mataifa wakafika na kusema kazi ya mukono pale isimame. Mahali pamekatazwa, ni kweli, lakini kuna sababu ingine ya sinema yenyewe. Mionzi haina rangi, haina harufu, haina moto wa kuunguza mukono. Kamera haiioni. Ukipeleka watoto kule wataleta picha za udongo na majani, sawa udongo wa kokote, na mavumbi mu mapafu yao. Hasara mara mbili.

Mabishano makubwa hayakuwa juu ya kamera. Baba ya mumoja wetu ni muchimbaji, si wa Shinkolobwe, wa kariere ingine tusiyoitaja. Tulimwomba viatu vyake vya kazi. Akauliza ni vya nini, tukamwambia. Akakaa kimya, kisha akasema: "Bana, mukionyesha bazungu ile filimu yenu, kesho banakuya kufunga kazi. Njo mutakula nini? Filimu?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na hata leo jibu letu si kamili. Anasema kweli. Mu 2004 watu walifukuzwa na nyumba zao zikavunjwa, na njaa haikungojea dekre ingine. Kila mara mutu wa mbali anapopiga picha ya muchimbaji mwenye udongo ku uso, picha ile inatembea inchi zote, na muchimbaji anabaki palepale, ao anafukuzwa. Jioni ile tulikubali mambo mbele yake, na mutoto wake akayaandika mu kaye: hakuna jina la kariere, hakuna uso wa muchimbaji, hakuna nyama mwenye macho ya moto. Mumoja wetu alikuwa anapenda baba ageuke nyama ku mwisho. Mama ya lupango, aliyekuwa anasonga bukari pembeni, akakata maneno: "Halafu mutoto wangu ku masomo bamwambie baba yake ni shetani?" Ikaishia pale. Hatukusikia neno la senario lenye akili kupita lile. Woga wetu hauwezi kuwa baba. Woga ni kile anachoweza kuleta ku nyumba bila yeye mwenyewe kukiona.

Njo senario ikatoka hivi. Ni usiku. Mwanamuke yuko mu nyumba, mutoto analala. Mulango wa bati wa lupango unalia, bwana yake anaingia, tunaona paka viatu. Mwanamuke anaweka basini ya mayi. Mikono miwili inajiosha, mayi inageuka nyekundu. Hakuna anayesema kitu, sababu mutu aliyetoka kazini saa ile hasemake mengi. Viatu vinaingia mu chumba, kitanda kinalia. Mwanamuke anamwanga mayi inje, anaketi. Kisha mulango wa bati unagongwa. Ni sauti ya bwana yake, inje, yenye kuchoka: "Mama, fungula. Leo tumechelewa."

Mwanamuke anageuza kichwa ku mulango wa chumba. Giza.

Huyu wa chumbani ni nani? Mwanamuke anachoka mpaka anaona vitu? Ni mujane mwenye kuendelea kungojea? Siye tunajua jibu, na hatuliandike hapa.

Tulichora picha 11 mu kaye ya masomo, kila picha na mahali kamera inasimama. Sharti moja: kamera isipande kupita kichwa cha mutoto mwenye kuketi. Ukiwa chini vile, mutu mukubwa anakuwa miguu na mikono, uso wake unabaki mu giza, na wewe unakuwa mutoto wa nyumba ile bila kuambiwa. Tena iko rahisi: telefone juu ya tofali, tofali juu ya tofali.

Tulipiga usiku mbili Kikula. Delestaje ilitupa giza bure. Mwangaza ulikuwa tochi ya kichwa moja, tumeitundika ku waya juu ya basini, na buji mu chumba, basi. Wenye telefone mujue jambo hili: ukiiachia telefone ichague mwangaza yenyewe, inageuza usiku kuwa muchana wa kijivu, na chembechembe zinachemka mu picha. Gusa kioo mahali pa mwangaza, ufunge, kisha ushushe mpaka giza liwe giza. Picha ya lupango yenyewe tuliipiga kati ya saa 12 na saa 12 na nusu ya magaribi, wakati mbingu iko buluu na ukuta haujapotea. Wakati ule ni mufupi. Tulirudilia picha ile mara nne, kisha nyota zikatoka.

Sauti njo ilitutesa. Bare ya barabara ya pili, mbwa, grupu ya jirani, kisha watu wa maombi. Telefone ya pili tuliifunga mu soksi na kuiweka karibu na basini, tukangoja mpaka saa 7 za usiku. Mumoja alikuwa anataka muziki wa kuogopesha. Tukasikiliza mayi peke yake, na muziki tukauacha. Chini ya mayi kuna tik, tik, tik. Ni matone toka ndoo yenye tundu juu ya kipande cha bati, tumeyaendesha mbio kidogo ku montaje. Mutu aliyesikia chombo cha kupima mionzi kikilia atashituka. Mwingine atazania ni mvua. Wote wawili wako na haki.

Rangi ya mayi ni udongo wa mu lupango. Tulikataza mutu kuleta jiwe lolote la kariere, hata la "kuonyesha tu". Na viatu mwenyewe aliviosha inje mbele ya kutupatia. Hapa tutoke mu filimu kidogo. Mavumbi yenye kukauka ku nguo za kazi, mutoto anayavuta akilala pembeni. Anayefua asikung'ute nguo zikiwa kavu. Azilowanishe kwanza, inje, mbali na sahani na mayi ya kunywa, na viatu visivuke kizingiti. Hiyo haimalize hatari, lakini haiombe feza.

Mwanamuke wa filimu ni dada ya mumoja wetu, hajapata kuigiza. Tulimwambia asiogope. Tulimwambia ahesabu moyoni mpaka 7 kisha ageuze kichwa, polepole, sawa mutu mwenye kusikia sufuria inamwangika. Anayeigiza woga anafungua macho makubwa, na mwenye kuangalia anacheka. Anayehesabu uso wake unafungika, na kila mutu anaweka mule woga wake mwenyewe.

Ku montaje kazi kubwa ilikuwa kimya. Kati ya kitanda kulia na mulango kugongwa kuna sekunde 14 ambamo hakuna kitu, mwanamuke anaketi tu, tik, tik. Wawili wetu walisema ni ndefu. Watatu walisema mutu aliyekwisha kungojea bwana yake toka kariere anajua kama sekunde 14 si kitu. Zikabaki.

Muntu wa kwanza wa kuona ni baba mwenye viatu. Aliangalia mu telefone, amesimama ku mulango. Mara ya kwanza hakusema. Akaomba tena. Ku mwisho akatuangalia moja moja:

"Na ule wa mu chumba, njo nani?"

Tukamwambia angojee filimu nzima sawa wengine.

"Musinifiche miye," akasema. "Viatu ni vyangu."

Mama akacheka kule ku makala. Yeye hakucheka. Alivichukua, akaviweka inje ku kizingiti, na asubui saa 11 akavivaa, akaenda kazini.